Smuthi ya nyumbani kwa blenda ya kawaida: mwongozo kamili kutoka jikoni Tanga

Zawadi za kichen pati hapa Tanga hazikosi blenda, na bibi harusi mwenye mashoga wengi hurudi nazo mbili au tatu. Moja hutolewa boksini ikasaga nyanya na nazi, Ramadhani ikiingia ikasaga maembe ya juisi ya futari, basi. Kazi nyingine hatuipi. Mimi yangu ilikaa hivyo miaka miwili, mpaka mwanangu wa pili alipoanza kukataa uji wa asubuhi na nikawa natafuta kitu cha kumpa kabla hajaenda shule.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Juisi yetu tunasaga, tunachuja, makapi tunatupa, halafu tunamimina sukari. Smuthi haichujwi. Tunda linaingia na nyama yake yote, na ndani yake kunaongezwa kitu cha kushibisha: mtindi, maziwa, karanga, korosho au parachichi. Nyuzinyuzi zile tunazotupa kwenye makapi ndizo zinazosaidia choo na kumfanya mtu akae muda bila kusikia njaa. Kwa hiyo smuthi ihesabu kuwa chakula. Ukiinywa juu ya chapati tatu na maharage, umekula mara mbili.

Sukari usitie. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na asali na ile iliyomo kwenye juisi, isifike asilimia 10 ya nguvu mwili unayopata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 hivi vya chai. Chai mbili za rangi za hapa kwetu pamoja na soda moja zinaweza kuimaliza kabla ya adhuhuri. Smuthi inayodai sukari imetengenezwa kwa matunda mabichi, na dawa yake ni kusubiri yaive.

Ijue mashine yako

Geuza blenda uangalie kibandiko chini ya kitako. Nyingi za majumbani zina wati 300 hadi 600. Hizo zinasaga matunda laini na majani bila taabu, lakini barafu ngumu ni habari nyingine. Kama kijitabu chake hakisemi kwamba inasaga barafu, chukulia kuwa haisagi.

Hili nimelilipia. Blenda yangu ya kwanza niliijaza vipande vya barafu na maembe yaliyoganda, kimiminika robo kikombe, nikabonyeza na kushikilia. Ilinguruma, ikanyamaza, ukatoka moshi wenye harufu ya waya ulioungua. Fundi wa Ngamiani alipoifungua na kuona koili imekuwa nyeusi aliniuliza, “Dada, mashine hii ulikuwa unasagia kokoto?”

Toka siku hiyo nasaga kwa sekunde 30 au 40, napumzisha dakika moja, narudia. Kitako nakiweka mezani pakavu, sikiweki juu ya kitambaa, kwa sababu matundu ya hewa yapo chini na mota inapoa kwa kupitia hapo. Jioni umeme ukiwa mdogo, taa zikififia, siiwashi kabisa: mota inayozunguka kwa kujivuta inapata moto haraka. Na kila ninapotaka kuingiza mwiko ndani ya jagi, nachomoa waya ukutani kwanza. Kuzima swichi pekee hakutoshi, hasa nyumba ikiwa na watoto wanaopenda kubonyeza.

Visu vya blenda vipo chini ya jagi. Wazo hilo ni la Stephen Poplawski wa Marekani, aliyelitumia mwaka 1922 katika mashine ya kuchanganyia vinywaji. Kwa kuwa kisu kipo chini, kinachoanza kuguswa ni kile ulichotia mwanzo, na hapo ndipo wengi wanapokosea, kama tutakavyoona mbele.

Sokoni

Mimi huenda Mgandini asubuhi kwa mboga na jioni kwa matunda. Jioni wauzaji wanataka kurudi nyumbani, na mafungu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi yanashuka bei. Tunda ambalo halifai tena kuwekwa kwenye sahani mbele ya mgeni ndilo hasa la smuthi. Ndizi iliyotoka madoadoa meusi ni tamu kuliko ile ya njano safi, kwa sababu wanga wake umegeuka sukari. Ila lililoanza kuoza au kuota ukungu liache, hata ukipewa bure. Kukata sehemu mbovu ya tunda laini hakusaidii sana, maana ukungu huingia ndani kuliko jicho linavyoona.

Machungwa ya Muheza usiyahukumu kwa rangi. Ganda linabaki kijani hata ndani limeiva, kwa kuwa chungwa linahitaji usiku wa baridi ili ganda ligeuke, na joto letu la pwani halitoi baridi hiyo. Lipime mkononi. Zito kwa umbo lake lina maji. Katikati ya mwaka yanapofurika, nunua ya kutosha. Maembe nayo yanakuja kwa wingi kuanzia Novemba hadi Februari, na hapo ndipo friza inapolipa gharama yake. Embe lenye nyuzi nyingi likatwe kwa kukingama, vipande vidogo, la sivyo nyuzi zinajisokota kwenye visu na utazitoa kwa kidole kama nywele kwenye kitana.

Pera tunalidharau kwa kuwa linaanguka uani bila kuombwa. Uzito kwa uzito, pera lina vitamini C karibu mara nne ya chungwa. Tatizo lake ni mbegu, nitaeleza namna ya kuzitoa. Kutoka milima ya Usambara tunaletewa spinachi, karoti na peasi za Lushoto, na hiliki na mdalasini za upande wa Amani. Huko sokoni chukua pia tangawizi, ndimu, tende, na korosho au karanga.

Karanga zichague moja moja. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, kwa sababu ya sumukuvu, na kumbuka kukaanga hakuiondoi yote. Usiogope kuonekana mchaguzi mbele ya muuzaji.

Kuosha, kumenya, kugandisha

Osha tunda kabla ya kulimenya, hata kama ganda utalitupa. Kisu kinachopita kwenye ganda chafu la tikiti au nanasi kinaingiza uchafu ule moja kwa moja ndani ya nyama. Maji yanayotiririka na kusugua kwa mkono vinatosha. Maji ya kutia kwenye jagi yawe yamechemshwa au ya kunywa yaliyo salama, na barafu vilevile: kuganda hakuui vijidudu.

Njia yangu ya kuepuka barafu ni kugandisha matunda yenyewe. Ndizi imenye kwanza. Niliwahi kuzitia na maganda yake zikawa nyeusi, ngumu, nikashindwa kuzimenya hata kwa kisu. Ikate duara za unene wa kidole, zipange kwenye sinia zisigusane, weka kwenye friza saa mbili au tatu, kisha zihamishie kwenye kopo lenye kifuniko. Ukizijaza koponi kabla hazijashika zitakuwa jabali moja. Embe, papai na nanasi ni vivyo hivyo. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na kopo kwa kweli ni bora zaidi kwa kuwa linaoshwa na kurudi kazini. Tumia matunda hayo ndani ya miezi mitatu. Kabla ya kusaga yatoe nje dakika tano hadi kumi, blenda ya wati chache ipate kupumua.

Korosho, karanga na tende ziloweke maji ya moto dakika 20. Zinalainika, na smuthi haiwi na chengachenga zinazokaa menoni.

Maziwa hapa Tanga ni neema. Ya paketi yako tayari. Ya jirani mwenye ng'ombe yachemshe mpaka yapande, acha yapoe kabisa, ndipo uyatie. Maziwa mabichi yanaweza kubeba kifua kikuu na homa ya kutupa mimba ya mifugo, na blenda haichemshi kitu.

Kipimo na mpangilio wa jagi

Kwa glasi mbili kubwa nakwenda hivi: kimiminika kikombe 1, matunda kikombe 1 na nusu, kitu cha kushibisha vijiko 2 vya chakula kama ni karanga au korosho, au robo ya parachichi. Majani ukipenda, kiganja kimoja. Kikombe ninachosema ni cha mililita 250. Kama kimiminika chenyewe ni mtindi au maziwa, cha kushibisha unaweza kukipunguza, kwa sababu kikombe cha maziwa peke yake kina protini ya gramu 8 hivi.

Sasa mpangilio. Kimiminika kinakwenda mwanzo, mpaka kifunike visu. Yanafuata majani, yakifuatwa na karanga na tende zilizolowekwa, halafu matunda laini. Vilivyoganda vinakaa juu kabisa. Uzito wao unasukuma vyote chini, na kimiminika kinatengeneza mzunguko unaovuta vya juu kwenda kwenye kisu. Ukianza na vilivyoganda, kisu kinachimba shimo lake, hewa inanaswa hapo, mota inapiga kelele na juu hakuna kinachosogea. Ikitokea, zima, chomoa, koroga kwa mwiko, ongeza vijiko viwili vya maji, rudia. Usijaze jagi kupita theluthi mbili.

Anza kwa kubonyeza na kuachia mara tano au sita, vipande vikatike. Ndipo uwashe mwendo wa chini, kisha wa juu. Sauti itakwambia: mwanzo inakwaruza, baadaye inakuwa laini na uso wa smuthi unatengeneza kishimo katikati. Hapo imeiva.

Kitu cha moto usitie kwenye jagi lililofunikwa kwa nguvu. Mvuke unasukuma kifuniko na kukumwagia usoni.

Nne ninazozirudia

Ya embe, ambayo ndiyo iliyomrudisha mwanangu mezani. Mtindi kikombe 1, embe dodo moja kubwa lililoiva, nusu ndizi iliyogandishwa, korosho 8 zilizolowekwa, na punje za hiliki mbili zilizotwangwa. Hiliki isizidi, la sivyo inakuwa chai. Ukipunguza mtindi inakuwa nzito ya kula na kijiko, na watoto wanadhani ni aiskrimu. Sikuwasahihisha.

Ya papai. Hapa maziwa sitii, na sababu ipo. Papai na nanasi visivyopikwa vina vimeng'enya vinavyokata protini za maziwa, na mchanganyiko ukikaa nusu saa unakuwa mchungu. Kugandisha hakuviui, joto ndilo linaviua. Kwa hiyo tumia papai kikombe 1 na nusu, maji ya machungwa mawili, robo ya parachichi, ndimu nusu, na tangawizi kipande cha nusu kidole gumba. Parachichi si la kupamba: rangi ile ya papai na ya embe ni malighafi ya vitamini A, na mwili unahitaji mafuta kidogo ili uifyonze. Ukilazimika kutia maziwa, basi saga na unywe hapohapo.

Ya kijani ndiyo inayotisha watu. Mama mkwe wangu alipoiona mara ya kwanza aliuliza kama ni ya ng'ombe. Chukua kiganja cha mchicha, utumbukize kwenye maji yanayochemka dakika moja, utoe, uukamue. Spinachi changa inaweza kuingia mbichi. Saga majani peke yake na kikombe kimoja cha maji ya dafu kwa sekunde 30, mpaka usione vipande. Pera moja lisage kando na maji robo kikombe kwa kubonyeza na kuachia tu, chuja mbegu, rudisha uji wake ndani. Ongeza nanasi kikombe 1 na ndizi moja iliyoganda, saga tena, na ukitaka ishibishe zaidi tia vijiko viwili vya korosho zilizolowekwa. Vitamini C ya pera inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo ukishamaliza smuthi subiri saa moja ndipo unywe chai.

Ya ubuyu na tende nzuri kwa futari au kwa anayetoka shamba. Tumia ubuyu mweupe mkavu, sio ule mwekundu wenye sukari na pilipili wanaokula watoto. Loweka kikombe kimoja kwenye maji ya uvuguvugu dakika 20, pikicha kwa mkono, chuja mbegu. Utapata kimiminika kizito, chachu. Chukua kikombe kimoja chake, tende 3 zilizotolewa kokwa (lichunguze jagi mara mbili, kokwa moja inavunja kisu), ndizi moja na vijiko 2 vya karanga. Ukionja ukaona uchachu umezidi, ongeza ndizi.

Ukishazielewa hizi, bahatisha mwenyewe. Stafeli kwa maziwa ni tamu mno, ila kutoa mbegu zake ni kazi ya watu wawili. Tikiti maji lina maji mengi, kwa hiyo halihitaji kimiminika kingine.

Mgonjwa na mtoto

Mama mkwe ana kisukari, na siku niliyomletea glasi alinitazama akasema, “Mwanangu, daktari kanikataza sukari, nawe waniletea ndizi kisukari?” Tulicheka, lakini hoja yake ina ukweli. Ndizi iliyoiva ina sukari nyingi, na kusaga kunarahisisha kunywa matunda matatu kwa dakika mbili, ambayo ungeyatafuna kwa muda mrefu. Yeye sasa namsagia nusu glasi: mtindi usio na sukari, parachichi, pera lililochujwa mbegu, tango na mchicha, bila tende wala asali. Anainywa pamoja na chakula, anapunguza wanga wa sahani, na anapima sukari yake kama alivyoelekezwa kliniki. Mwenye ugonjwa wa figo naye amuulize daktari kabla ya kuzoea ndizi na parachichi, kwa ajili ya potasiamu.

Mtoto chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu. Asiyefika mwaka mmoja asipewe asali hata ya kuonja. Karanga kwa mtoto zisagwe mpaka zipotee, na siku ya kwanza mpe kidogo, umwangalie kama anavimba au kutoka vipele.

Kuhifadhi na kusafisha

Smuthi ni ya kunywa ikiwa imetoka jagini. Kwa joto la Tanga isikae nje zaidi ya saa mbili, na Februari hata saa moja ni nyingi. Kwenye friji ijaze chupa mpaka juu ili hewa iwe kidogo, kamulia ndimu isibadilike rangi haraka, na uimalize ndani ya saa 24. Ikijitenga, maji chini na povu juu, haijaharibika, itikise. Ikitoa harufu ya kuchacha, mwaga.

Jagi lioshwe papo hapo. Tia maji ya uvuguvugu nusu, tone la sabuni, washa sekunde 30, suuza. Hiyo inatosha kwa siku za wiki. Mara mbili kwa wiki fungua kitako cha jagi, toa visu kwa uangalifu na ile ringi ya mpira, kwa sababu chini yake hujificha uji wa matunda unaogeuka mweusi na kunuka. Ringi ikilegea au kupasuka, jagi litavuja kwenye mota, na mafundi wanaiuza. Kitako cha mota kifute tu kwa kitambaa chenye unyevu. Kausha vyote vikiwa vimeinamishwa.

Harufu ya kitunguu saumu ndiyo isiyotoka. Saga ndimu iliyokatwa vipande na maji, iache ndani nusu saa, itapungua lakini embe la kesho bado litakunong'oneza pilau. Kama kwenye zile zawadi zako kuna blenda ya pili ndani ya boksi, itoe leo, hiyo iwe ya vitunguu.